Jenerali Rex Nhongo kaungua nyumbani kwake, askari wa lindo hawana hata vocha!

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza. Kila Agosti watu wanabandika picha ya Jenerali Solomon Mujuru wa Zimbabwe na kuandika "pumzika kwa amani, shujaa", halafu basi. Amani gani?

Huyu ndiye Rex Nhongo, jina lake la vitani. Wazee wa Iringa waliowaona vijana wa ZANLA, jeshi la msituni la chama cha ZANU, wakipikwa kambini Mgagao wanalijua jina hilo. Desemba 1972 aliongoza shambulio la shamba la Altena, na vita vya msituni vikashika moto upya kaskazini mashariki mwa Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Wakubwa wake walipotiwa ndani Zambia mwaka 1975, yeye alibaki na wapiganaji, akawa kamanda wa ZIPA, jeshi la pamoja la wapigania uhuru. Walimsikiliza, na alipomkubali Mugabe, nao wakamkubali. Bila yeye simwoni Mugabe akishika nchi 1980. Mwaka uliofuata akakabidhiwa jeshi la nchi kavu, akaliongoza hadi 1992.

Sasa someni alivyokufa. Usiku wa kuamkia Agosti 16, 2011, nyumba yake ya shambani Beatrice, kusini mwa Harare, inawaka. Polisi wa lindo wapo. Redio yao ya upepo mbovu. Simu hazina salio! Gari la zimamoto linatoka Harare, linafika tangi linavuja. Haya si maneno ya vijiweni, yalisemwa mahakamani mapema 2012 kwenye uchunguzi wa kifo chake, mashahidi wameapa. Mfanyakazi wa ndani akasema alisikia milio kama ya risasi kabla ya moto. Mkewe wakati huo ni makamu wa rais wa nchi!

Hakimu akahitimisha kwamba hakuna hila, ni moto tu. Familia ilikuwa imeomba kaburi lifukuliwe, daktari wao kutoka Afrika Kusini apime upya. Ikakataliwa. Kwa nini? Kama ni moto tu, mnaogopa mifupa?

Na msinijie na hoja ya Gukurahundi, yale mauaji ya miaka ya 1980, mkidhani naikimbia. Brigedi ya Tano ya jeshi ilipochinja raia Matabeleland, yeye ndiye alikuwa mkuu wa jeshi. Wale watu walistahili kumsikia akijibu, kwa mdomo wake, mbele yao. Hata shamba lenyewe la Alamein alimokufa alilichukua 2001 kwa mzungu aliyekuwa akililima. Yote hayo nayajua, na ndiyo yanayozidi kunichoma: aliyejua nani alitoa amri gani kaondoka nayo kifuani, na aliyemwondoa, kama yupo, anakula pensheni.

Kwa hiyo wale wa "yameshapita, waacheni wafu wapumzike", naomba jibu moja tu: ile redio ya lindo iliharibika lini, na nani aliambiwa aitengeneze?