Tupeane uzoefu: maji ya ngama, uligunduaje yanakoingilia?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za kazi. Naomba tukusanye hapa visa vya watu waliowahi kusumbuliwa na maji kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, maji yanakokusanyika) mpaka wakapata yanakotoka. Sitaki ushauri wa "nunua pampu kubwa". Nataka kujua ulitafutaje, ulidanganyika wapi, na mwisho ulikuta nini.

Nianze na yangu. Boti ya faibaglasi, mita 9, injini ya ndani. Kwa karibu miezi mitatu kila asubuhi nilikuta maji ya ndoo moja, siku nyingine ndoo na nusu. Aliyekuja kuangalia aliona unyevu kwenye tundu la bomba linalotokea ubavuni, akapaka silikoni. Baada ya wiki mbili maji yakarudi, akapaka tena. Mimi mwenyewe nikakaza klipu zote nilizozifikia. Hakuna kilichobadilika, na usingizi ukawa wa mang'amung'amu, maana chombo kinachoingiza maji usiyoyajua hakikuachi ulale.

Siku moja nikaikausha ngama kabisa, kwa sponji kisha kwa matambara, mpaka kidole kikawa kinatoka kikavu. Asubuhi nikachovya kidole kwenye maji mapya yaliyoingia, nikaweka ncha ya ulimi. Hayakuwa na chumvi hata kidogo. (Fanyeni hivyo kwa maji mapya kwenye ngama safi tu. Yenye mafuta au harufu msiyaguse kwa ulimi.) Kumbe muda wote tulikuwa tunaziba bahari ambayo haina kosa.

Nikatia rangi nyekundu ya chakula kwenye tangi la maji ya kunywa. Usiku huo nikalala ndani nikisikiliza. Kila baada ya muda pampu ya maji ya bomba inanguruma sekunde mbili, inanyamaza, na hakuna aliyefungua koki. Kulipokucha ngama ilikuwa na wekundu hafifu. Tulifungua ubao nyuma ya kabati tukakuta kiungo cha plastiki kwenye mpira unaopeleka maji bafuni kina ufa mwembamba kama unywele. Maji yalikuwa yanateleza juu ya mpira ule hadi mbele, yanadondokea kwenye taruma (mbavu ya ndani ya chombo), ndipo yanarudi nyuma chini ya injini. Mita tatu nzima mbali na pale tulipokuwa tunapaka silikoni.

Karibuni.

Mkuku

Ahsante kwa mada. Mimi ni mtu wa vyombo vya mbao, mashua ya mbao tangu ujana wangu.

Kwanza niseme hili kwa wanaoanza: chombo cha mbao kilichokaa nchi kavu muda mrefu kikishushwa majini lazima kivuje. Mbao zimekauka, zimesinyaa, zimeachana. Kipe siku kadhaa kifure, fua maji (yachote uyamwage nje), kaa nacho, usikiache peke yake. Kosa ninaloliona sana ni mtu kushindilia kalafati (pamba ya kuziba maungio ya mbao) kwa nguvu wakati mbao zimekauka. Zikifura hazina pa kwenda, zinasukumana, na misumari au mataruma ndiyo yanayoumia.

Sasa kisa. Mashua ilifura, wiki ikapita, ya pili ikapita, bado tunafua maji asubuhi na jioni. Tukaipandisha. Vijana wakataka kufua ngama iwe tupu kabla hatujaanza kazi. Nikawakataza. Nikawaambia acheni maji kidogo humo ndani, kiasi cha kufunika mkuku tu, ule uti wa chini wa chombo, kisha sote twende nje tukae chini ya chombo tutazame. Maji yaliyojua njia ya kuingia yanajua njia ya kutoka. (Kidogo, nasema. Chombo kilichojaa maji juu ya magogo kinaweza kufunguka.)

Jua likakausha ubavu wote. Ikabaki alama moja nyeusi, ndefu kama kiganja, kwenye maungio ya ubao wa kwanza na mkuku, upande wa kushoto, karibu na tezi, yaani nyuma. Tone likajikusanya, likaning'inia, likaanguka. Likaja la pili. Nilipochokonoa, pamba ilitoka laini kama uji. Na chini ya pamba, msumari ambao kichwa kiko lakini mwili wake umeliwa na kutu, naung'oa kwa vidole viwili. Kwa hiyo kalafati peke yake isingesaidia, ubao ulikuwa hauna kinachoushika, kila wimbi linapoupiga unacheza na kuitema pamba.

Tangu hapo, sehemu ikitema kalafati mara mbili, siitii pamba ya tatu kabla ya kukagua misumari.

Shafti

Mimi ni fundi wa injini za boti. Mtu akiniita kwa maji ya ngama, swali langu la kwanza ni moja: yanaongezeka wakati gani? Chombo kikiwa kimetia nanga na kila kitu kimezimwa? Injini ikiwaka? Kikiwa na mzigo? Baada ya mvua? Wengi hawana jibu kwa sababu hawajawahi kupima. Bandikeni utepe ndani ya ngama, chora mstari kwenye kimo cha maji, andika saa. Rudi baada ya muda wa saa sita. Hapo tu umeshafuta nusu ya washukiwa.

Mteja mmoja maji yake yalikuja injini ikiwaka tu. Alikuwa ameshaamua ni shafti, ule mti wa chuma unaozungusha propela, pale inapopenya kutokea nje, na ameikaza gilandi (kizuizi cha maji kinachoizunguka shafti hapo) mpaka haitoi hata tone. Nilipoweka mkono pale baada ya mwendo mfupi, sikuweza kuushikilia kwa joto. Jamani, gilandi ya zamani yenye kamba za pakingi huwa inatakiwa kudondosha matone machache kwa dakika shafti ikizunguka, hayo matone ndiyo yanayoipoza na kuilainisha. Ukiikausha unaichoma pakingi na kuichimba shafti yenyewe. (Zile sili za kisasa zisizodondosha ni habari nyingine, hizo zikidondosha zina tatizo.)

Mkosaji wake alikuwa pampu inayovuta maji ya bahari kupoza injini. Chini yake pana kitundu kimewekwa makusudi, ili sili ikifa maji yatoke nje yasifike kwenye beringi. Nikatandika tishu chini ya kila kiungo, tukawasha. Dakika ya nne tishu ya chini ya pampu ikalowa, nyingine zote kavu. Na kulikuwa na chumvi nyeupe imeganda hapo, ila imefichwa na mpira. Mkiwa na tochi tafuteni huo weupe kabla hamjafungua kitu chochote. Chumvi ni alama ya nyayo.

Na msidharau tone. Tone moja kila sekunde ni karibu lita 4 kwa siku.

Demani

Kisa changu ni cha tanga. Chombo kikiwa kimesimama, ngama kavu. Tukienda na upepo wa nyuma, kavu. Kikilalia upande wa kulia kwa saa moja, maji mpaka kwenye ubao wa sakafu. Tukakagua ubavu mzima wa kulia juu ya mstari wa maji, tukazibua na kuziba upya maungio ambayo naamini leo hayakuwa na shida.

Nililala kifudifudi ndani, tochi mkononi, mwenzangu akiwa kwenye usukani amekilaza chombo. Nikaona maji yanatoka mdomoni mwa pampu ya ngama yenyewe. Pampu imezimwa! Tundu lake la kutolea maji liko ubavuni kulia, na chombo kikilala tundu linazama. Mpira ulikuwa umenyooka tu kutoka pampu hadi tundu, haukupandishwa juu, basi bahari ikapata mfereji na ikaanza kujivuta yenyewe kuja ndani. Pampu inatoa, ikizimika yanarudi.

Tuliupandisha mpira juu kabisa chini ya sitaha, ukapinda ndipo ukashuka kwenye tundu, na kwenye kilele tukaweka kipumulio cha hewa ili mvuto ukatike. Haijatokea tena.

Nyota ya mashine

Boti ndogo, mashine ya nje, sakafu imefunikwa hivyo ngama haionekani. Ilikuwa inazidi kuwa nzito, nikidhani ni mafuta machafu. Mwisho tulikuta skrubu mbili za kifaa cha kupimia kina, zilizofungwa kwenye ubao wa nyuma chini ya maji bila kuwekewa gundi ya baharini. Zilikuwa zimeingiza maji pole pole hadi povu la ndani likanywa kama sponji. Kuziba skrubu ilikuwa kazi ya nusu saa. Povu lile ilibidi likatwe na kutolewa lote.

Mwanzisha mada

@Nyota pole sana. Hilo la kuongezeka uzito sikuwa nalifikiria. Je, wenye pampu za swichi ya boya, inayojiwasha yenyewe, mnajuaje kama kuna uvujaji?

Shafti

Ndiyo hatari yake. Pampu inayojiwasha inaficha ugonjwa mpaka betri ife, na siku hiyo ndiyo chombo kinakaa chini. Weka kihesabio cha mara inazowaka, au angalau taa unayoiona. Ukijua kawaida yako ni mara 2 kwa siku, siku ya mara 9 utaamka. Na mpira unaopita chini ya mstari wa maji usiwe wa kubahatisha: ukichomoka na kuacha tundu la milimita 25, sentimita 60 chini ya maji, unaingiza lita 60 au zaidi kwa dakika. Hakuna anayefua kwa kopo akashinda hilo. Jueni kila koki ya chombo chenu iko wapi na ijaribuni kama inafunga.

Mtafutaji

Nimesoma kimya siku tatu. Yangu bado sijapata. Ni maji ya chumvi, yanaingia chombo kikiwa kimesimama, injini imezimwa, koki zote nimefunga na bado yanaingia. Leo nimekausha, nimezibua vitundu vyote vya kupitisha maji kwenye mataruma vilivyokuwa vimeziba kwa uchafu, na nimenyunyiza poda mstari mmoja kutoka omo (mbele) hadi tezi. Kesho nitaleta jibu.

Mtafutaji

Saa kumi na mbili asubuhi. Poda ni nzima kuanzia tezi hadi taruma la nne kutoka omo. Hapo imekatika, kuna njia nyembamba imeoshwa inayoshuka kutoka upande wa kulia. Naanza kufungua sakafu.