Nambari ya kitambulisho haionekani kwenye saraka, lakini inakisika

Mtunza_Saraka, Nairobi
Habari zenu. Ninatunza seva ya OpenLDAP (programu ya saraka, yaani orodha ya watu na taarifa zao) ya chama kimoja cha ushirika, na nambari za vitambulisho vya wanachama tumeziweka kwenye uga wa employeeNumber. Jana nilimtafuta mwanachama mmoja bila kujitambulisha kwa seva, na nambari yake haikuonyeshwa; lakini nilipoongeza kichujio cha (employeeNumber=2*), yaani nambari inayoanza na 2, jina lake lilirudi, na kwa 3* halikurudi. Mkuu wangu anasema kasoro hii ni ndogo, hivyo isubiri matengenezo ya mwisho wa mwezi. Je, nikubali?

Mzee_wa_Bandari389
Usikubali. Bila shaka kuna kanuni iliyompa kila mtu ruhusa ya search (kutafuta), ambayo iko chini ya read (kusoma): thamani haisomeki, ila seva hujibu kama kichujio kimelingana nayo au la. Nambari yenye tarakimu 8 huhitaji majaribio yasiyozidi 80, yaani 10 kwa kila tarakimu, kazi ambayo programu huimaliza kabla chai yako haijapoa. Chukua nakala ya mipangilio kwa slapcat -n 0, kisha weka none (hakuna ruhusa) mahali pa search. Kumbuka kwamba seva hufuata kanuni ya kwanza inayolingana na haisomi zilizo chini yake, kwa hiyo kanuni pana ikitangulia, marekebisho yako ni bure.

Dada_wa_Seva
Naongezea jambo lililoniumiza mimi mwenyewe. Niliandika kanuni mpya juu ya zile za zamani nikaisahau akaunti inayonakilisha data kwenda seva ya pili. Uga ukaanza kutoweka huko, rekodi moja baada ya nyingine, nami nikailaumu diski siku nzima. Ipe akaunti hiyo read waziwazi.

Wakili_Mpenda_Kompyuta
Pekueni pia kumbukumbu za seva. Mkikuta kuna aliyezidukua nambari hizo na wenyewe wamo hatarini kudhurika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawapa saa 72 tangu mjue kumwarifu Kamishna wa Data.

Mtunza_Saraka, Nairobi
Asanteni. Nimebadilisha mchana huu bila kuizima seva, slapacl (zana ya kupima ruhusa) inasema asiyejitambulisha amenyimwa, na 2* sasa hairudishi kitu. Kwenye kumbukumbu za miezi miwili tulizo nazo, vichujio vya namna hiyo ni viwili tu, vyote vyangu vya jana. Nimemwandikia mkuu hivyo hivyo.