Social Security: nichukue nikiwa na 62 au nisubiri? Namba ni zilezile ila kila anayenieleza ananigeuza

Zamu ya Usiku
Wakuu habari za leo. Mwezi wa 3 natimiza 62, niko Marekani mwaka wa ishirini na ngapi sijui, nimekatwa Social Security (pensheni ya serikali ya huku) kwenye kila mshahara na sasa nataka kujua nianze kuchukua lini. Nikisubiri mpaka 67 ni dola 2,000 kwa mwezi, nikianza sasa ni 1,400. Jamaa mmoja wa kazini kanipigia hesabu, kaniambia ukisubiri umeacha dola 84,000 za miaka mitano mezani, na ili zirudi lazima uishi mpaka 78 na miezi, una uhakika utafika? Nikarudi nyumbani nimeshaamua nachukua. Jioni mke wangu akaangalia karatasi hiyohiyo akasema kwa hiyo ukikurupuka unajikata asilimia 30 mpaka siku unazikwa? Nikabadilika palepale. Jamani, mimi ndo nina kichwa chepesi au?

hesabu_kali
Shikamoo mzee. Huna kichwa chepesi, hili limeshapimwa. Wachumi watatu, Jeffrey Brown, Arie Kapteyn na Olivia Mitchell, waliwapa watu habari ileile kwa maneno tofauti. Walioelezwa kwa mtindo wa huyo jamaa yako, yaani uishi mpaka lini ndo hela irudi, wakaegemea kuchukua mapema. Wengine wakaambiwa kila ukisubiri unaongezewa, hao wakasogeza mbele. Hata umri unaotajwa kwanza una nguvu, mtu akianza kukuonyesha za 62 akili inang'ang'ania hapohapo. Na kinachochekesha ni kwamba zamani hata ofisi za Social Security zenyewe zilikuwa zinawapigia watu hesabu ya huyo jamaa.

Halafu angalia hilo jina lenyewe, 67 wanaita umri "kamili" wa kustaafu, basi chini yake unaona umekatwa na juu yake unaona umepewa zawadi. Kumbe mwisho wa nyongeza ni 70, ambapo yako ingekuwa 2,480. Ukianza kuhesabia huko juu, hata ile ya 67 ni pungufu kwa asilimia 19 hivi! Lakini nani anaiita pungufu?

Mama Kefa
Haya mambo ya wachumi ni mazuri ukiwa na mgongo mzima. Mimi nilichukua 62, magoti yamekwisha, kazi hakuna, ningesubiri nile nini? Sijajuta hata siku moja na sitaki mtu aniambie nilidanganywa na maneno. Ila baba, kama bado unafanya kazi angalia sana, kabla ya hiyo 67 ukipata mshahara unaozidi kiwango chao wanazuia dola 1 kwa kila 2 za ziada. Ukifika 67 wanakupigia hesabu upya, ndio, lakini kwa sasa utaona hundi imekonda na hujui kwa nini.

hesabu_kali
Mama hapo nakubali mia kwa mia, mwenye shida achukue, ndo maana mlango wa 62 upo. Mimi ninachogombana nacho ni lile swali la "utakufa lini", linaifanya pensheni iwe kamari, ukifa mapema umeliwa. Mzee ligeuze, jiulize nikiwa na 88 sina nguvu hata ya zamu moja, kila mwezi inaingia shilingi ngapi (dola, samahani 😅)? Hapo hela ya kusubiri inaonekana ni bima, na inapandishwa kufuata bei za vitu. Na kuna ambalo jamaa wa kazini hakulitaja kabisa: ukitangulia, mkeo anabaki na iliyo kubwa kati ya yake na yako. Kwa hiyo hata usipofika hiyo 78, kusubiri kwako hakujapotea kama yeye yupo.

Zamu ya Usiku
Marahaba kijana. Hiyo ya mjane sikuijua, na mama watoto ana 54 tu na kwao wanaishi miaka mingi balaa. Mama Kefa asante pia, overtime zangu ni nyingi, nadhani nitavuka hicho kiwango. Basi 62 naiacha, 67 au 70 nitaangalia afya. Ila jamaa kila nikipiga kadi ananiuliza nimeshajaza fomu au bado, naanza kuhisi kuna kamisheni anapewa 😂