Ramani ya mlipuko ni siri ya nani? Mjadala kuhusu depo za gesi na mafuta zilizo katikati ya makazi

Mtoa mada:
Ndugu zangu, naleta hoja moja. Kila kituo cha gesi, depo ya mafuta au kiwanda cha kemikali kinachoomba leseni kilazimishwe kuwaonyesha majirani ramani ya hatari yake kabla ya kupata kibali. Ramani hiyo iseme wazi: tangi likilipuka, moto utafika nyumba hizi, na joto la kuunguza ngozi litafika zile.

Kilichonisukuma ni mlipuko wa gesi wa Mradi, Embakasi, jijini Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024. Baadaye Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli (EPRA) ilieleza kuwa maombi ya kujenga kituo cha gesi pale yaliletwa Machi, Juni na Julai 2023, na yote yakakataliwa, hasa kwa sababu michoro haikutimiza umbali wa usalama unaotakiwa. Mwombaji alitakiwa pia alete tathmini ya kuonyesha joto la mlipuko lingefika wapi, kwa kuwa eneo lile limejaa watu. Someni tena hapo. Ofisini, swali la nani ataungua lilikuwa limeshaulizwa miezi kadhaa kabla! Lakini faili la ofisini halipigi hodi kwa mpangaji. Upande wa pili, Mamlaka ya Mazingira (NEMA) ilikuwa imetoa leseni, na baada ya maafa ikawasimamisha kazi maafisa wake wanne.

Kumbukeni gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai, hutambaa chini, hufuata mitaro na kuingia vyumbani chini ya milango mpaka ikutane na jiko. Lita moja ikiwa kimiminika hutoa lita zipatazo 250 za gesi. Ndiyo maana umbali ni uhai.

Mchangiaji wa pili:
Mkuu, nakupinga. Ramani ya namna hiyo ni zawadi kwa mhalifu. Marekani wenyewe, mwaka 1999, Bunge lao lilizuia taarifa za maafa makubwa ya viwanda zisimwagwe kwenye intaneti. Halafu unasahau nani alitangulia. Kule San Juanico, Mexico, matangi ya gesi yalijengwa kukiwa na nafasi, nyumba zikasogea mpaka mita 130 hivi. Novemba 1984 yalilipuka, wakafa watu wapatao 500. Serikali ilinde eneo la wazi na ibomoe nyumba za wavamizi. Ramani haitamzuia mtu kujenga.

Mchangiaji wa tatu:
Kubomoa ni rahisi kusema ukiwa na pa kulala. Sinai, Nairobi, Septemba 2011, petroli ilivuja kwenye mtaro wa maji ya mvua, watu wakaenda na ndoo, wakateketea zaidi ya 100. Waliishi kando ya bomba la mafuta kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na kazi za viwandani zilikuwa karibu. Mtoa mada, ramani yako haimlipii mtu kodi kwingine. Utampa hofu tu.

Mtoa mada:
Nianze na wa pili. Sheria ile ya Marekani haikufunga mlango wote: raia aliruhusiwa kwenda kuzisoma taarifa hizo katika vyumba maalumu. Ulaya, baada ya sumu kuvuja kiwandani karibu na Seveso, Italia, mwaka 1976, waliweka sheria mwaka 1982, na toleo la 2012 linataka majirani wapate taarifa wakati wote, hata kwa mtandao. Hao nao wana wahalifu.

Ndugu wa tatu, umenigusa. Ni kweli maarifa hayalipi kodi. Lakini Bhopal, India, Desemba 1984, gesi ya sumu ilipovuja kiwandani, wengi walikimbia ndani ya wingu lenyewe bila kujua kwamba kitambaa kibichi usoni kingeweza kupunguza madhara. Aliye maskini ndiye asiye na nafasi ya kukosea. Msimnyime na hicho kidogo.

Mchangiaji wa nne:
Mimi ni fundi wa vali na pampu. Wote mnajadili umbali, ila umbali ni kinga ya mwisho. Kiwanda cha Bhopal kilikuwa na mtambo wa kupoza tangi, mnara wa kuosha gesi na bomba la kuchomea gesi inayotoroka. Usiku ule mtambo wa kupoza ulikuwa umezimwa na bomba la kuchomea halikuwa limeunganishwa. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwepo. Ramani inayochorwa siku ya kuomba leseni inakuwa uongo mara tu vali ya usalama inapopitisha tarehe ya kupimwa na meneja akasema tuendelee. Nataka kibandikwe kitu kingine getini kila mwezi: kinga zipi hazifanyi kazi, tangu lini, nani ametia sahihi ya kuendelea.

Mtoa mada:
Hilo naliingiza kwenye hoja yangu, na hasa hiyo sahihi. Sasa nawauliza wanasheria. Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya inampa raia haki ya kupata habari zilizo serikalini, na hata zilizo kwa mtu mwingine zikihitajika kulinda haki yake. Kuna aliyewahi kuitumia kuomba tathmini ya depo iliyo jirani naye? Alijibiwa nini?