Kodi ya gari ikipanda, kweli utapanda matatu?

Baba Neema (Nakuru): Wadau habari zenu. Mnakumbuka Finance Bill ya 2024 ile kodi ya gari, asilimia 2.5 ya thamani ya gari yako, isipungue 5,000 wala kuzidi 100,000? Iliondolewa kwa bill lakini kuna jamaa hapa kazini bado anasema ingetusaidia, ati watu wangeacha magari nyumbani wapande matatu na jam ya town ipungue. Mimi hutoka Kiamunyi na Vitz kila asubuhi na nimejiuliza sana. Nyinyi mngeacha?

Mama Tausi: Mimi nilijaribu Baba Neema. VAT ya mafuta ilipotoka 8 ikaenda 16 Julai 2023, alafu Septemba petroli ikapita 200, nikasema basi gari ipumzike. Saa kumi na mbili na nusu niko steji na mtoto wa PP2 (chekechea), matatu inangoja ijae, dakika ishirini bado tuko hapo, mvua ikinyesha nauli ya 50 inakuwa 100. Siku moja akawekwa kwa kile kibao katikati ya viti, msumari ukashika sketi ikararuka, akalia hadi shule. Nilirudi kwa gari wiki hiyo hiyo.

Dere wa Njoro: Pole sana mama. Lakini mjue hiyo kodi ya mafuta sisi pia inatupata. Tarehe 14 EPRA, wale wa serikali wa bei ya mafuta, wakitangaza bei imepanda, tajiri mwenye matatu hapunguzi hesabu, jioni anataka pesa yake ileile, so nitatoaje gari na viti vitano wazi? Kungoja ijae ndio mafuta yangu hayo.

Omosh Kisumu: Ndugu zangu kodi inaweza fanya kazi lakini si hiyo. London walianza 2003, pauni 5 kwa siku ukiingiza gari katikati ya mji, na siku ileile wakaongeza mabasi kama 300 barabarani. Stockholm wakafuata 2006, magari yanayoingia katikati yakapungua karibu moja kwa tano. Huko unalipia kuingia town, ukiacha gari nyumbani hulipi kitu. Yetu ya 2.5 ungelipa hata gari ikilala kwa compound mwaka mzima, na mtu akishalipa hiyo yote si ataiendesha zaidi? Afadhali hiyo pesa ilipie basi itoke na saa, hata Dere apunguziwe presha ya tajiri.

Baba Neema: Hiyo ya gari kulala sikuwa nimeifikiria kabisa, asante Omosh. Wakiniwekea basi ya Kiamunyi itoke saa kumi na mbili na nusu ijae isijae, hiyo ada nitalipa siku nikiingia na gari na sitanung'unika, siku zingine funguo abaki nazo mama watoto.

Mama Tausi: Na mtoto apate kiti.