Senta isiyo na halmashauri huhesabiwaje katika sensa?

Mkazi wa Dunda, Bagamoyo

Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Mpwa wangu anaishi Paradise, jimbo la Nevada nchini Marekani. Anasema kwamba mahali hapo, penye watu 191,238 kwa sensa ya mwaka 2020, si manispaa wala hapana meya, lakini katika majedwali ya sensa panatajwa kwa jina lake kama mji mwingine wowote. Huku kwetu, kandokando ya barabara ya Dar es Salaam, ziko senta zilizokua hadi zikagusana, na takwimu zikitoka sioni jina la senta hata moja. Wenzetu wanafuata utaratibu gani?

Mchora Ramani

Ndugu wa Dunda, mpwa wako amesema kweli. Idara ya Sensa ya Marekani inalo fungu la makazi yanayotambuliwa kwa ajili ya takwimu tu, yaani mahali penye nyumba zilizokaribiana na jina ambalo wenyeji wanalijua, ila hapajaandikishwa kisheria kuwa mji. Makazi hayo yalianza kuorodheshwa mwaka 1950, na tangu sensa ya mwaka 2000 hakuna tena kiwango cha chini cha watu, kwa hiyo kijiji kidogo sana kinaweza kuwa fungu moja na Honolulu, kwa kuwa Hawaii haina mji ulioandikishwa chini ya kaunti. Mipaka hupitiwa upya kwa kila sensa, kwa kushirikiana na watu wa mahali husika, na haiwezi kuingia ndani ya mji ulioandikishwa.

Jambo la kushika ni kwamba mipaka hiyo haileti mamlaka yoyote. Kasino nyingi ambazo wageni hudhani ziko Las Vegas ziko Paradise, na eneo hilo liliundwa mwaka 1950 wenye kasino walipotaka kukwepa kumezwa na jiji pamoja na kodi zake. Hadi leo linasimamiwa na kaunti ya Clark.

Karani wa 2022, Tanga

Naomba niongeze upande wetu, kwa sababu nilikuwa karani katika sensa ya 23 Agosti 2022. Sisi tunahesabu kwa kufuata ngazi za utawala: mkoa, wilaya, kata, kisha kijiji au mtaa, na vijijini tunashuka hadi kitongoji. Eneo la kuhesabia watu halivuki mpaka wa kitongoji. Katika kishikwambi changu mstari ulipita katikati ya senta, nyuma ya mabanda ya wauza samaki, nami nilihesabu kaya za upande mmoja tu, huku mwenzangu akihesabu zile za ng'ambo ya njia. Hakuna aliyeachwa, ila senta yenyewe iligawanyika katika vijiji viwili.

Utaratibu huu una faida kubwa, kwa maana kila idadi inamwangukia mwenyekiti anayejulikana na anayeweza kuulizwa. Hata hivyo, anayepanga bomba la maji au kituo cha afya anahitaji kuiona senta nzima.

Mkazi wa Dunda, Bagamoyo

Ahsante sana, ndugu karani. Je, ili senta ipate idadi yake, ni lazima kwanza itangazwe kuwa mamlaka ya mji mdogo?

Karani wa 2022, Tanga

Kwa takwimu peke yake, hapana. Mamlaka ya mji mdogo ni suala la utawala, na huwa chini ya halmashauri ya wilaya. Maeneo ya kuhesabia ni madogo, hivyo yale yanayoifanya senta yakijumlishwa, idadi inapatikana bila kugusa mpaka wa kijiji chochote.