Hivi huyu Koch anastahili sifa zote za kugundua kwamba wadudu ndio wanaoleta magonjwa?

Kipanga wa Ilala: Wakuu heshima kwenu. Jana nimebishana na shemeji mpaka chai ikapoa. Yeye anasema Mjerumani Robert Koch ndiye aliyethibitisha magonjwa yanaletwa na vijidudu, mimi nasema alikuta wenzake wameshapika, yeye akapakua. Mwaka 1847 kule Vienna kulikuwa na daktari Semmelweis, akaona wodi ya wazazi ya madaktari akina mama wanakufa sana kwa homa ya uzazi kuliko wodi ya wakunga, kumbe madaktari wanatoka kupasua maiti wanaenda kuzalisha kwa mikono ileile. Akawanawisha na klorini, vifo vikatoka kama 11 kwa kila wazazi 100 mwaka 1846 vikafika kama 1 mwaka 1848. Wenzake wakamnunia, akaja kufia hospitali ya vichaa. Na ukienda hospitali zetu leo manesi bado hawanawi. Haya, nani shujaa hapo?

Sista Zamu ya Usiku: "Manesi bado hawanawi." Uzi unamhusu Koch au unanihusu mimi? Nina miaka 14 wodi ya wazazi, mikono imechubuka kwa spiriti, juzi bomba limekata tangu saa 2 usiku tukawa tunachota kwa ndoo, wawili tu wodi nzima, na bado nimenawa kila kitanda. Halafu kwenye hadithi yako waliokuwa wanaua ni MADAKTARI, wodi ya wakunga ndiyo iliyokuwa na nafuu. Rudi ukasome ulichoandika mwenyewe.

Tende Kavu: Hahaha mleta mada kajichoma na mkaa wake

Chaki Nyeupe: Turudi kwenye mada. Semmelweis aliona mkono unaua ila hakujua kuna nini mkononi, alisema ni chembe za maiti basi. Koch mwaka 1876 alikuwa daktari wa wilaya tu, anachukua damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, anachovya kijiti cha mbao, anamchoma panya, panya anakufa, damu ya huyo anampa mwingine, hivyohivyo. Halafu akawaotesha wale wadudu kwenye maji ya jicho la ng'ombe, akawatazama kwenye darubini wanavyorefuka mpaka wanatoa mbegu. Waliooteshwa wakiua panya kwa kimeta kilekile, utasema ni chembe za maiti? Ndiyo maana wakampa Nobel.

Kamusi Hai: Ni HADUBINI mkuu. Darubini unatazamia meli na mwezi.

Chaki Nyeupe: Umeelewa au hukuelewa?

Kamusi Hai: Nimeelewa, lakini unafundisha watoto wa watu. Na Nobel yake ya 1905 ilikuwa ya kifua kikuu siyo kimeta, wadudu wake aliwatangaza Berlin tarehe 24 Machi 1882.

Mhaya wa Kashai: Mnampamba mno. Koch huyohuyo 1906 alikuja huku kwetu Ziwa Victoria, akaweka kambi visiwa vya Ssese upande wa Uganda, watu wanakufa na malale. Akawa anawachoma atoksili, dawa yenye aseniki ndani, alipoona haiponyi vizuri akaongeza dozi, watu wakapofuka. Hiyo shuleni hatukufundishwa, tulikaririshwa kimeta na kifua kikuu tu.

Chaki Nyeupe: Hiyo ni kweli na ni aibu, lakini swali lilikuwa nani aligundua, siyo nani mtu mwema.

Mhaya wa Kashai: Kwako rahisi, siyo macho ya babu yako.

Tende Kavu: Mimi wadudu bado siwaamini. Kuna profesa wa Munich, Pettenkofer, 1892 aliwabugia wadudu wa kipindupindu hai mbele ya watu, akaharisha kidogo tu. Mzee wa miaka 73! Sasa wadudu gani hao?

Sista Zamu ya Usiku: Jaribu na wewe, mimi nitakushikia dripu.

Kipanga wa Ilala: Dada yangu sikukulenga wewe, nilisema kwa ujumla. Mke wangu alipojifungua, hospitali siitaji, nesi alitoka kwa mgonjwa mwingine na glavu zilezile, nimeona kwa macho yangu.

Sista Zamu ya Usiku: Pole kwa hilo, alikosea na ungemwambia palepale. Ila uliuliza glavu zilibaki ngapi kwenye boksi? Kuna siku tunaambiwa mzazi aje na zake, ndugu wananitukana mimi, siyo aliyeshindwa kuagiza. Semmelweis wenu alikuwa na beseni la klorini mlangoni kila siku, mimi wiki mbili naletewa ahadi.

Kipanga wa Ilala: Sawa, hilo la glavu nakubali. La Koch sijakubali. Na Pasteur, yule Mfaransa wa vijidudu, hamjamtaja hata mmoja wenu!

Kamusi Hai: Usianze, Wafaransa na Wajerumani wenyewe walitukanana miaka mingi kwa hilo.

Mama Pacha Mbagala: Samahani nje ya mada, Sista, klorini ya kutia kwenye simtanki la lita 1000 ni kiasi gani?

Sista Zamu ya Usiku: Inategemea nguvu yake, fuata maelezo ya kwenye kopo, usikadirie kwa kijiko. Naingia zamu, nikitoka nitamjibu huyu wa kipindupindu.